Ukuta Nyuma ya Kabati la Koko

Furaha mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na Papa yako yuko nje anakaza kamba za begi lako kana kwamba linakwenda Ulaya, si Banalia. Nimepata nafasi ya kuketi mezani peke yangu. Mvua imekatika sasa hivi, jua la jioni limeingia mpaka kwenye kitambaa cha meza. Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikianza kusema mbele yako nitalia, na wewe utalia, na niliyotaka kukuambia yatabaki tumboni.

Habari za kuchemsha maji na kufunga mlango sitakuandikia. Umesomea uuguzi, hayo utawafundisha wengine. Nataka kukuandikia kuhusu ile picha ya nyumba yako uliyonionyesha kwenye simu. Ulifurahia mlango wa kijani na baraza ndogo, ukaniambia kituo cha afya kimeipaka rangi upya kwa ajili yako. Nilisema ni nzuri, na ni nzuri kweli. Lakini macho yangu yalikwenda chini ya ukuta, karibu na sakafu, mahali ambapo rangi hiyo mpya imeanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Ulisema pia kwamba nyumba imefungwa tangu muuguzi wa kabla yako aondoke. Nikajua ndani kuna harufu gani.

Ni harufu ya kuvu, na mimi naijua kutoka nyumba yetu ya Mangobo. Kwa sababu ya harufu hiyo, ukoo wetu ulikaribia kuvunjika. Sehemu ya habari hii unaikumbuka, maana kifua kilichougua kilikuwa chako, lakini ulikuwa mdogo na mengi tulikuficha. Sasa unakwenda kuwatibu watoto wa watu, na naona ni haki yako kuyajua.

Tulipooana, Papa yako alikuwa anaendesha toleka, zile baiskeli za kubeba watu zilizojaa mji huu kabla ya pikipiki kuzifukuza. Mimi nilikuwa nimetoka Bukavu, nafundisha darasa la kwanza. Nyumba ya Mangobo aliijenga mwenyewe kidogo kidogo, kila alipopata matofali machache: sebule, chumba chetu, na chumba cha nyuma kilichokaribia kugusana na ukuta wa jirani. Kati ya nyumba hizo mbili hata kuku alipita kwa shida. Jua halikufika huko asubuhi wala jioni, na hatukulifikiria jambo hilo hata kidogo. Tulikuwa na mabati juu ya vichwa vyetu. Jioni Papa yako alinipitia shuleni, nikakaa upande juu ya baiskeli, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine umeshika kwanga, mkate wa muhogo wa chakula cha usiku, tukapita kati ya watu huku akipiga kengele bila sababu, kunifurahisha tu. Mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli barabarani nageuza shingo.

Kisha Koko akaja. Mama yake Papa yako, Mwayuma, lakini tangu ulipojifunza kusema sote tulimwita Koko, yaani bibi, kwa sababu yako. Alikuwa amefiwa na mume huko Kasongo, na wewe ulikuwa bado unanyonya. Alikuja na kabati lake. Babu yako ndiye aliyemchongea walipooana, na Koko alikataa kuliacha. Lilifunguliwa likawa mbao tupu, likapanda mtumbwi mpaka Ubundu, likaletwa huku juu ya lori, na Papa yako akaliunganisha tena ndani ya chumba cha nyuma. Chumba kilikuwa kidogo na kabati kubwa. Akalisukuma mpaka likabanana na ukuta, hata mkono usipate kupita.

Mimi na Koko hatukuwa marafiki. Hatukugombana kwa dini, ingawa yeye alitandika mkeka wake wa sala na mimi nilikuwa na rozari yangu. Kwa hilo tuliheshimiana vizuri. Tuligombana jikoni. Alisema sombe yangu ya majani ya muhogo ni chakula cha mbuzi, na bukari yangu, ugali wangu, ni uji wa mgonjwa. Mimi nilisema, kwa sauti ya chini lakini asikie, kwamba mtu asiyependa chakula cha nyumba anajua sokoni ni wapi. Lakini wewe ulikuwa wake. Ulipoacha kunyonya ulihamia kitandani kwake, na hapo hakuna aliyeweza kukutoa. Alikusimulia habari za sungura aliyekwenda kuposa bila mahari, na kila usiku sungura huyo alitoroka kwa njia nyingine. Nilisikia vicheko vyenu kupitia ukuta, nikawa na wivu, na papo hapo nikashukuru.

Mvua ya Kisangani unaijua, haingoji msimu. Nyumba yetu haikuwa na mfereji wa bati, kwa hiyo maji ya paa yalianguka chini ya ukuta wa nyuma na kukaa hapo. Papa yako aliziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa ajili ya mbu na wezi, na mimi nikamsifu kwa kazi nzuri. Nguo zisipokauka nje nilizitundika kwenye kamba chumbani kwa Koko, siku nzima, dirisha limefungwa. Na yeye aliwasha mbabula yake ya makaa pembeni, achemshe chai yake ya tangawizi, na mvuke ukapanda mpaka darini. Tulikuwa tunaitengeneza shida kwa mikono yetu, kila mmoja kwa sehemu yake, na kila mmoja alifikiri anaitunza nyumba.

Yalianza kutokea madoa ya kijivu kwenye kona, madogo kama pilipili manga iliyomwagika. Papa yako alileta rangi ya bluu ya mafuta, akapaka chumba kizima isipokuwa nyuma ya kabati, kwa sababu kabati lilikuwa zito na nani ataangalia huko? Chumba kiling'aa. Majirani walikuja kutazama. Muda si mrefu rangi ikaanza kutoa malengelenge, yakapasuka, na ndani yake ukuta ulikuwa mweusi kuliko mwanzo. Akapaka tena. Nakuambia hili kwa sababu ya ule ukuta wa picha yako: rangi inayopakwa juu ya ukuta wenye maji inakuficha ugonjwa tu, na ugonjwa unaendelea chini yake bila kuonekana.

Na ile harufu tulikuwa tunaisikia sote. Ilikuwa kwenye mashuka, kwenye mkate uliolala, kwenye nywele zako. Mimi nilidhani ni harufu ya vitu vya kizee, vya kabati na vitenge vya zamani. Sikuwahi kusema, ila nilidhani.

Ukaanza kukohoa ulipokuwa unakaribia umri wa kuanza shule. Kwanza usiku, kisha usiku na asubuhi, mpaka mbavu zako zikawa zinaonekana kila unapovuta pumzi, na kifuani mwako kulisikika filimbi nyembamba. Kwenye kituo cha afya walikupa dawa ya maji, ukapata nafuu, ukarudia. Walikupa vidonge, ukapata nafuu, ukarudia. Shule zilipofungwa nilikuchukua tukaenda kukaa kwa rafiki yangu upande wa Makiso, katika nyumba ya zamani yenye madirisha makubwa. Kikohozi kikaisha kabisa. Nikafurahi, nikafikiri umepona. Tuliporudi nyumbani ukakimbilia kitandani kwa Koko, na kabla juma halijaisha filimbi ilikuwa imerudi kifuani.

Aliyeliona hilo kwanza ni tante Aziza, dada yake Papa yako. Alikuwa anakaa Kapalata wakati huo, na mwaka uliotangulia alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza, mtoto mchanga aliyekohoa na kuhema mpaka akachoka. Tangu maziko yale Aziza hakuwa mtu tuliyemjua. Alikuwa mcheshi sana, wewe hukumjua hivyo. Alitufundisha sote kucheza rumba uani siku ya ndoa yetu. Baada ya mtoto kufa alikuja kwetu, akakaa, akatazama tu. Na alichokitazama ni wewe na Koko.

Siku moja alikuja mchana, akaomba tukae sote uani. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharagwe. Aziza hakumtazama. Alisema na Papa yako.

"Mutoto akitoka hapa, anapona," alisema. "Akirudia kulala na mama, anakohoa. Munataka kuona nini ingine?"

Papa yako alimwambia huyu ni mama yao, aliyewazaa wote wawili.

"Na mutoto wangu, alikuwa wa nani? Mama alikuja kumubeba, alilala naye. Mutoto akaenda."

Ilikuwa kweli: Koko alikuwa amekwenda Kapalata kumsaidia kulea, na mtoto alifariki Koko akiwa bado huko. Papa yako alitazama mikono yake yenye mafuta ya mnyororo kama mtu anayetafuta kitu kilichoandikwa humo. Nilimwona Koko anaendelea na maharagwe, anatoa mabovu anaweka pembeni, polepole.

Mimi ndiye niliyesema. Nilisema kwamba nimepika na mama huyu kwenye jiko moja miaka yote hiyo, na kama kuna mtu wa nyumba hii mwenye sababu ya kumsema vibaya, ni mimi. Anaweza kuharibu chumvi ya mboga yangu, nikasema, lakini kumgusa mtoto huyu kwa ubaya hawezi. Aziza akanijibu kwamba mimi ni wa Bukavu, sijui mambo ya ukoo wao. Akaondoka.

Maneno ya uchawi hayakai uani, Furaha. Katika siku chache avenyu nzima ilikuwa inayajua. Wanawake waliokuwa wanamwomba Koko awasukie watoto waliacha kuja. Vijana wakaanza kukaa mbele ya lango letu bila shughuli, na jioni moja jiwe liligonga mabati yetu juu ya chumba cha nyuma. Unaujua mji huu. Tumeona vikongwe waliochomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko hayo. Papa yako aliacha kwenda kazini jioni, akawa anakaa mlangoni na pampu ya baiskeli mkononi. Hakuwa na silaha nyingine.

Koko ndiye aliyekata shauri. Alikuja jikoni nilipokuwa napepea moto, akasimama nyuma yangu.

"Nitaenda kwa Saidi, Bengamisa," alisema. Saidi ni mwanawe mwingine, mkulima, yule tonton unayemjua. "Mutoto apone kwanza. Kama nikienda na anapona, basi mutajua."

Nilimuuliza tutajua nini. Alichukua mwiko mkononi mwangu, akaonja mboga, na kwa mara ya kwanza hakuikosoa.

Papa yako alimpeleka kwa baiskeli. Alikataa kumpandisha kwenye lori na watu. Walitoka alfajiri, Koko amekaa nyuma na mwavuli mweusi na kifurushi cha vitenge mapajani, na wewe ulishika gurudumu ukalia mpaka nikakubeba. Kabati lilibaki. Alisema Saidi hana nafasi. Nadhani hakutaka kulifungua mbele yetu na kuonekana kwamba anahama kabisa.

Tukangoja upone.

Hukupona. Tante Aziza alihamia kwetu ili akulinde, akalala nawe katika kitanda kile kile cha Koko. Ulikohoa, ukamwamsha, akakupaka mafuta, akaomba. Na siku zilivyopita yeye mwenyewe akaanza kuamka na macho mekundu, pua inatiririka, sauti imekauka. Alisema Mama anatuma ugonjwa kutoka Bengamisa. Lakini alivyolisema hakulisema tena kama mtu mwenye hakika. Alilisema kama mtu anayeuliza.

Halafu ikaja mvua kubwa, ile iliyong'oa mabati ya soko. Maji yaliingia chini ya ukuta wa nyuma, yakajaa chumbani. Papa yako hakuwepo. Mimi na Aziza tukaanza kuyatoa kwa sufuria, na tulipoona miguu ya kabati imesimama majini tukakubaliana tulisogeze. Tulisukuma kwa mabega. Liligoma, kisha likaachana na ukuta kwa sauti kama ya kitu kinachobanduka. Ile harufu ikatupiga usoni.

Ukuta wote nyuma ya kabati ulikuwa mweusi. Si madoa, ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria, na mahali pengine wa kijani, wenye manyoya laini kama ya panya. Mgongo wa kabati ulikuwa umefunikwa na unga mweupe. Nilipofungua milango, vitenge vya Koko vya nyuma vilikuwa vimeshikana na mbao. Kitanda kilikuwa kimegusana na kabati upande wa kichwani, na godoro la pamba, nilipoligeuza, lilikuwa na madoa hayo hayo upande mmoja. Upande uliokuwa unalaza kichwa.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, miguu majini, unatazama. Ukaanza kukohoa hapo hapo, kikohozi kile kile. Koko alikuwa Bengamisa, njia ya kutwa nzima kwa baiskeli, na kile kilichokukohoza kilikuwa mbele yetu.

Nilikubeba nikakupeleka nje kwenye hewa. Niliporudi, Aziza alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Baadaye akasema, taratibu sana:

"Kwangu Kapalata, pale mutoto alikuwa analala, ukuta iko hivi."

Nikakaa naye. Alilia kilio ambacho hakulia kwenye maziko. Sikumwambia kwamba ukuta ndio uliomwua mtoto wake, na wewe ukiwa muuguzi usiseme kamwe jambo usilolijua. Mpaka leo hakuna anayejua kilichomchukua. Ila nilijua kwamba kisingizio chake cha kumchukia mama yake kilikuwa kimeondoka, na kwamba sasa alibaki na msiba tu, bila mtu wa kuuwekea. Hiyo ni hali ngumu sana kwa mtu, Furaha. Utaiona mara nyingi kazini kwako.

Papa yako alipofika alisimama mbele ya ukuta ule, akatazama rangi yake ya bluu iliyozunguka ule weusi kama fremu. Akasema matusi ambayo sitayaandika. Kisha akatafuta nyundo, akapanda juu ya kiti, akayazibua matundu ya hewa jioni ile ile.

Kazi ile hatukuijua, tukaikosea mwanzoni. Mimi nilichukua ufagio mkavu nikaukwangua ukuta kwa hasira, na vumbi lake likaenda nyumba nzima. Siku hiyo ulihema mpaka tukakukimbiza kwenye kituo cha afya. Muuguzi wa zamu alikusikiliza kifua, akauliza mtoto analala wapi, na nilipomweleza akasema hiyo ni pumu, na unyevu wa namna hiyo ndio adui yake. Akatuambia tukutoe chumbani kwanza, tuloweshe ukuta kabla ya kuugusa, tufunge midomo na pua kwa vitambaa. Tulikulaza sebuleni. Tukaosha kwa maji ya sabuni, tukakwangua rangi yote mpaka kwenye saruji tupu, na tukaacha mlango na dirisha wazi. Godoro tulilichoma, ingawa uliliomboleza. Kabati tulilibeba nje, Papa yako, Aziza na mimi, tukalisugua na kulianika uani, likakaa huko juani kama mgeni aliyekataliwa chumba. Papa yako alichimba mtaro nyuma ya nyumba, akainama katika ule uchochoro siku nzima mgongo ukigusa ukuta wa jirani, akaweka mfereji wa bati ili maji ya paa yaende njiani badala ya kunywewa na nyumba. Juu ya matundu alipigilia wavu wa mbu. Ilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo.

Hatukupaka chochote. Tulingoja jua la Januari, ukuta ukauke mpaka ndani, ndipo tukapaka chokaa nyeupe.

Kikohozi chako kilianza kupungua tangu ulipohamia sebuleni, na kufikia wakati wa chokaa ulikuwa unakimbia na wenzako mtaani. Hakikuisha kabisa, unajua mwenyewe kwamba bado unabeba dawa yako ya kuvuta. Lakini ile filimbi ya kila usiku iliondoka.

Papa yako alikwenda Bengamisa kumrudisha mama yake, akarudi peke yake. Alisema Koko amemsikiliza mpaka mwisho, akampa chakula, akamwambia asalimie nyumbani. Hakuongeza neno. Basi tukaenda sisi wanawake, Aziza na mimi, na wewe katikati yetu. Tulimkuta shambani, ameinama, kitenge kimefungwa kiunoni. Ulimkimbilia, ukakaribia kumwangusha. Aziza alipiga magoti palepale kwenye udongo. Alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani, nilimsikia akiyarudia, lakini Koko hakungoja ayaseme.

Koko alimtazama. "Ulikuwa unamulilia mutoto wako," alisema. "Na mimi nilikuwa namulilia. Simama, utachafua nguo."

Nilimwambia kwamba chumba kiko tayari. Akasema vizuri, lakini amepanda karanga, na hawezi kuziacha ardhini, atakuja akishavuna. Nilielewa. Hakutaka kuchukuliwa kama mzigo ulioletwa na kurudishwa. Alitaka kuja kwa miguu yake, siku aliyoichagua. Na alikuja hivyo, na gunia la karanga, akaingia jikoni kabla hajakaa, akaniuliza kama bado nawalisha watu uji wa mgonjwa. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi ninapokosa usingizi. Kila asubuhi yenye jua Koko alikuwa wa kwanza kufungua madirisha, anapiga kelele kwamba nyumba ipumue. Mliyatoa magodoro yote uani, wewe na yeye, mkayapiga kwa fimbo, na wewe ukapewa ruhusa ya kuyalalia juani kidogo kabla ya shule. Nguo mbichi zilipigwa marufuku ndani. Wakati wa mvua tulizitundika chini ya paa la jikoni, zikanuka moshi, tukazivaa hivyo hivyo. Mbabula yake ilihamia nje, na mimi nikahamisha kiti changu karibu nayo. Hapo ndipo nilipojifunza sombe ya karanga, ile unayoipenda. Hatukuwahi kuzungumzia mashaka yaliyopita. Mara moja tu, tukichambua mchele, alisema, "Siku ile uani wewe ulisema," kisha akaendelea na mchele.

Alipokufa, ulikuwa umemaliza sekondari. Alikufa kitandani kwake, katika chumba kile, dirisha wazi. Aziza ndiye aliyemwosha pamoja na wanawake wa msikitini, na hakumruhusu mtu mwingine kumfunga kichwa.

Sasa nyumba yako. Ukifika, usilale ndani siku hiyo hiyo kama unaweza kulala kwa jirani. Fungua kila kinachofunguka. Ile rangi iliyovimba ibandue uone kilicho chini, na uwaulize watu maji ya mvua yanapita wapi yakitoka kwenye paa, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipo. Kitanda kisiguse ukuta. Pua yako iamini kuliko macho. Pua ilituambia mapema, tukaipuuza.

Na kuna jambo moja ninalokuomba kama mama, si kama mtu anayejua zaidi yako. Huko Banalia watakuletea mtoto anayekohoa, na nyuma yake kutakuwa na maneno. Watakuambia kwa sauti ya chini kwamba ni bibi yake, au mke mwenza wa mama yake, au mtoto mwingine wa nyumba ile. Usibishane nao. Mpe mtoto dawa, kisha waombe wakuonyeshe anapolala. Nenda mwenyewe. Sogeza vitu. Hutapata ukuta mweusi kila mara, na mara nyingine ugonjwa utakuwa mwingine, lakini utakuwa umewapa watu siku moja ya kutulia, na siku moja wakati mwingine inatosha kumwokoa kikongwe.

Namsikia Papa yako anaosha mikono, kwa hiyo begi limekubali. Nimalizie kwa asubuhi ya kwanza baada ya Koko kurudi. Ulikuwa umeomba ulale naye, na sisi tuliogopa, na tukakubali. Nilipotoka nje alfajiri nilimkuta amekaa mlangoni kwake, amejifunga shuka, macho yamechoka. Nikaogopa kwamba umeugua. Nikamuuliza kama hukulala vizuri.

"Yeye amelala," alisema. "Mimi ndiye sikulala. Nilikuwa namusikiliza."

Alikuwa amesikiliza pumzi yako usiku kucha, akingoja ile filimbi, na haikuja. Usiku huu utalala chumba kilicho jirani na changu, na mimi nitafanya kama yeye, kwa sababu kesho utalala mahali ambapo sikio langu halifiki.

Mama yako